Kupanga Safari ya Kupiga Picha Mji Mkongwe wa Zanzibar: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo wapigapicha wanaokwenda Zanzibar kwa mara ya kwanza huyarudia, wawe wanatoka Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi, wanatoka Mombasa, au wanarudi kutoka ughaibuni kuwaona ndugu. Majibu yote yana msimamo mmoja: katika mji unaokaliwa na watu, mpango wa picha hutengenezwa kwa kufuata jua na ratiba ya wakazi, na orodha ya majengo huja baadaye. Saa zote zimeandikwa kwa hesabu ya Kiswahili.

## Mambo ya kuanzia

1. Mji Mkongwe ni sehemu gani hasa, na utengewe siku ngapi?

Ni upande wa magharibi wa mji wa Zanzibar, uliojengwa juu ya rasi, wenye mitaa kama Shangani, Malindi, Kiponda, Hurumzi, Mkunazini, Sokomuhogo na Vuga. UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Upande wa mashariki mpaka wake ni barabara ya Darajani, iliyopita mahali ambapo zamani palikuwa na mkono wa bahari, na kuvuka hapo ndiko kuingia Ng'ambo.

Kwa miguu, mtu asiyepotea huumaliza mji huu kutoka Malindi hadi Vuga kwa muda usiozidi nusu saa, na udogo huo ndio unaowafanya wengi wautengee mchana mmoja kabla ya kukimbilia fukwe za Nungwi au Paje. Kwa maoni yangu siku tatu kamili ndizo za chini. Siku ya kwanza itumike kutembea na kuandika ukuta upi unapata jua saa ngapi. Ya pili na ya tatu zitumike kurudi mahali hapo kwa saa iliyoandikwa. Mwenye siku moja tu asome swali la 9.

2. Ni wakati gani wa mwaka unaofaa zaidi?

Kuanzia Juni hadi Septemba, wakati wa kusi na kipupwe, hewa huwa na ubaridi kidogo na mvua ni chache, kwa hiyo kutembea na mzigo wa vifaa hakuchoshi sana. Desemba hadi Februari, wakati wa kaskazi, joto na unyevunyevu huongezeka, na kuanzia saa 3 asubuhi jua huwa kali. Masika, yaani Machi hadi Mei, huleta mvua kubwa, na vuli ya Oktoba hadi Desemba huleta mvua za vipindi ambazo hazizuii kazi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalipimi, nalo ni upande linakozama jua. Majengo ya ufuoni, pale Forodhani na Mizingani, yanatazama kaskazini-magharibi. Mwezi Juni na Julai jua huzama upande huohuo, likayapiga majengo karibu usoni kwa rangi ya dhahabu. Mwezi Desemba jua huzama kusini-magharibi, na nuru hupita juu ya kuta kwa ubavu, ikivitoa nje vibaraza, nguzo na nakshi kwa vivuli virefu. Anayetaka picha za jumla za ufuo achague katikati ya mwaka. Anayependa umbile la kuta na nakshi asiidharau Desemba.

3. Je, nahitaji kibali ili nipige picha mitaani?

Mtu anayepiga picha za kumbukumbu zake kwa simu au kamera ya mkononi hahitaji kibali kutembea vichochoroni na kupiga picha. Mambo hubadilika pale panapoingia biashara, waigizaji, taa kubwa au droni. Hayo yamejibiwa katika swali la 20 na la 21.

Majengo ya ulinzi na usalama hayapigwi picha kabisa: kambi, vituo vya polisi, na Ikulu. Bandarini na uwanja wa ndege kamera ibaki mfukoni hadi utakapokuwa umetoka. Pale penye askari mlangoni, muulize kwanza, na akikataa usibishane naye hata kama jengo ni zuri kiasi gani. Katika makumbusho, ulizia kanuni ya picha unaponunua tiketi, na Mtanzania abebe kitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha raia na cha mgeni huwa tofauti.

4. Nichukue mwongoza wageni, au nitembee mwenyewe?

Kwa siku ya kwanza mwongoza wageni ana faida, hasa akiwa mkazi wa mitaa hiyo, kwa sababu salamu zake hukufungulia milango ambayo wewe ungepita bila kujua kama kuna mtu ndani. Mtake akuonyeshe kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar kabla ya kukubaliana bei. Papasi, yaani vijana wanaowafuata wageni kuanzia bandarini wakijitolea kuwaongoza bila leseni, hukataliwa kwa upole na kwa mara moja: "Ahsante kaka, nimeshapata mwenyeji." Usiendeleze mazungumzo kama huna nia.

Baada ya siku ya kwanza, ninapendekeza utembee peke yako. Mwongoza wageni ana mwendo wa historia, na mpiga picha ana mwendo wa kusubiri. Wawili hao huchoshana upesi.

## Nuru na saa zake

5. Ni saa gani za siku zinazofaa kupiga picha?

Zanzibar iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa za jua hazibadiliki sana. Kwa mwaka mzima jua huchomoza takriban kati ya saa 12:00 na saa 12:35 asubuhi, na huzama takriban kati ya saa 12:15 na saa 12:45 jioni. Ukaribu huo na ikweta una gharama yake: jua hushuka wima, na kutoka kuzama hadi giza kushika ni kama dakika 20 hivi. Aliyezoea jioni ndefu za Ulaya au Kanada hukuta anga ya buluu imekwisha angali anafungua mkoba, kwa hiyo kamera iwe tayari na mahali pa kusimama pawe pamechaguliwa kabla jua halijazama.

Asubuhi ni ya upande wa mashariki na ya vichochoro vilivyo vitupu. Darajani hupata jua la mapema, soko linaamka, na wauza mikate na samaki wanapanga bidhaa. Alasiri ni ya ufuo. Kosa la kawaida ni kwenda Forodhani asubuhi kupiga picha ya majengo: wakati huo jua liko nyuma yake, sura zake ziko kivulini, na anga juu yake ni nyeupe tupu.

Saa 5 hadi saa 9 mchana ni za ndani: makumbusho, ngazi za mbao, nyua za nyumba zilizogeuzwa hoteli, au usingizi.

6. Vichochoro vina giza huku anga linang'aa. Nifanyeje?

Kwanza, jaribu kuliacha anga nje ya fremu. Mara nyingi utepe mweupe juu ya picha hauna kazi yoyote. Ikiwa ni lazima liwemo, pima mwangaza kwenye ukuta uliopigwa na jua, kisha uache vivuli viwe vivuli. Kichochoro cha Kiponda kilichonyanyuliwa mwangaza kwa programu hadi kila pembe ikaonekana hupoteza ule ubaridi unaomfanya mkazi apite huko wakati wa joto.

Pili, tafuta nuru inayorudishwa. Kuta nyingi zimepakwa chokaa, na jua linapopiga ukuta mmoja wa juu, ukuta unaoukabili hupokea nuru laini ambayo ni bora kwa sura za watu kuliko taa yoyote. Kuta hizo nyeupe huidanganya kamera, ikazifanya kijivu. Ongeza mwangaza kwa nusu hatua hadi hatua moja (hatua moja ni mwanga mara mbili). Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana huwa karibu utosini, na kwa dakika chache huingia hadi sakafu ya vichochoro vyembamba kabisa. Hizo ndizo siku pekee ambazo ninashauri kutoka nje saa 6 mchana.

7. Kwa nini wenyeji huniambia niangalie maji ya bahari kwanza?

Kwa sababu tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa ni kubwa, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, huzidi mita 3. Picha ya ufuo wa Shangani maji yakiwa yamejaa na picha ya mahali hapohapo maji yamekupwa ni picha za sehemu mbili tofauti: moja ina mashua zinazoelea na mawimbi yanayogonga ukuta, nyingine ina mchanga mpana, ngalawa zilizolala ubavu na watoto wanaocheza mpira.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa karibu na saa 10 alasiri na hukupwa karibu na saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata, maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50, kwa hiyo baada ya juma moja, wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, saa 10 alasiri huwa ni wakati wa kupwa. Vijana wa makachu, wanaojirusha baharini kwa mbwembwe kutoka kwenye ukuta wa Forodhani, hutegemea maji yaliyojaa. Anayewataka hao pamoja na jua la alasiri apange safari yake karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Kuhusu ruhusa na malipo, asome swali la 14.

8. Na usiku?

Forodhani jioni, penye taa za wauza mishikaki, urojo na juisi ya miwa, moshi hupanda mbele ya taa na kukupa tabaka za nuru bila gharama. Zima flashi, panua tundu la lenzi, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, na kubali chembechembe zitakazotokea pichani. Stendi ya miguu mitatu huwakera watu pale penye msongamano. Afadhali uegemeze kiwiko kwenye ukuta. Vichochoro vya ndani visivyo na taa usiviendee peke yako usiku ukiwa na kamera shingoni.

## Mahali pa kupiga picha

9. Nina siku moja tu. Nipite wapi?

Anza Darajani saa 12:30 asubuhi. Soko hili lilijengwa mwaka 1904, na mnada wa samaki una sauti na mikono mingi kuliko mahali pengine popote mjini. Kisha ingia ndani kupitia Mkunazini, ambako vichochoro bado ni vitupu, uelekee Hurumzi na Kiponda ukitafuta milango (swali la 11). Ifikapo saa 3:30 kaa Jaws Corner, Sokomuhogo, unywe kahawa chungu barazani; usitoe kamera mpaka umalize kikombe cha kwanza. Mchana pumzika au ingia makumbusho. Saa 10 alasiri shuka ufuoni kutoka Malindi, upite penye jengo la zamani la zahanati aliloanzisha mfanyabiashara Tharia Topan, ambalo vibaraza vyake vya mbao zilizochongwa hupokea jua la alasiri vizuri kuliko jengo jingine lolote la mji huu, halafu umalizie Forodhani au juu ya paa.

Njia hii inaacha mengi nje kwa makusudi.

10. Je, Beit el-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, bado linapigika picha?

Jumba hilo lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili walipoteza maisha. Panga safari yako ukijua kwamba uzio na majukwaa ya mafundi ni sehemu ya sura ya jengo katika kipindi hiki. Wengi huondoka wamesikitika kwamba picha yao haifanani na ya kwenye kadi za posta, na mimi naona wamekosea hesabu: kadi za zamani zipo tele, lakini picha ya jumba linalojengwa upya, fundi akiwa juu ya jukwaa na bahari nyuma yake, haitapigika tena kazi ikiisha. Usivuke uzio.

Anayetaka jengo jingine alitazame la jirani, Jumba la Sultani, lililogeuzwa makumbusho, na Ngome Kongwe iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa. Baada ya saa 9, kuta za ngome hiyo hugeuka rangi ya asali.

11. Milango ya kuchonga ipigwe picha namna gani ili isifanane na ya kila mtu?

Ujue kwanza unachokitazama. Mlango wa mtindo wa Kiarabu ni wa mraba, na kizingiti chake cha juu huwa na nakshi, mara nyingine pamoja na aya ya Kurani. Mlango wenye upinde juu, au wenye mbao ndogondogo zinazokunjwa na misumari mikubwa ya shaba, una asili ya Uhindi, hasa Gujarat, na huonekana zaidi pale walipokaa wafanyabiashara kutoka huko. Picha ya kipande cha mnyororo kilichochongwa pembeni, au ya shaba iliyolainika kwa kuguswa miaka mingi, husema mengi kuliko picha ya mlango mzima uliopigwa kwa haraka.

Nakshi huhitaji nuru ya ubavu. Mlango ulio kivulini siku nzima utatoka bapa, kwa hiyo urudie saa ambayo jua linagusa upande mmoja wa kichochoro. Wakati mwingine ni robo saa tu kwa siku. Ukitaka mlango mzima, shusha kamera hadi katikati ya kimo chake na uiweke sawa bila kuiinamisha, la sivyo miimo itaegemeana kuelekea juu. Kichochoro kikiwa chembamba mno, simama kwenye kizingiti cha upande wa pili baada ya kumwomba mwenye nyumba.

Mlango ni wa nyumba ya mtu. Ukifunguliwa ukiwa unaulenga, teremsha kamera, salimu, kisha eleza. Usipige picha ya ndani kupitia mlango ulioachwa wazi; pazia lile jepesi linalopepea limewekwa kwa sababu.

12. Je, inafaa kupiga picha kwenye eneo la soko la watumwa, Mkunazini?

Inafaa, kwa adabu. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko hilo mwezi Juni 1873, na kanisa kuu la Anglikana likaanza kujengwa mahali hapo mwaka huohuo chini ya Askofu Edward Steere. Nje kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo, kazi ya mchongaji Clara Sörnäs wa Uswidi, na karibu yake kuna vyumba vya chini ambavyo wageni huonyeshwa kama mahali walipofungiwa watu.

Sanamu hizo zipigwe kutoka usawa wa macho yake kadiri inavyowezekana, kwa kuchuchumaa ukingoni. Picha inayopigwa kwa kusimama juu yake humfanya mtazamaji awe mnunuzi. Selfi za kucheka hapo, na za kujifunga minyororo, ni aibu, na hakuna namna nyingine ya kulisema hilo. Mtu anayelia au anayeomba aachwe. Ndani ya kanisa, msalaba uliotengenezwa kwa mbao za mti wa Chitambo, Zambia, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa, hupigwa picha wakati ambapo hakuna ibada.

## Watu na adabu

13. Niombeje ruhusa ya kumpiga mtu picha?

Anza kwa salamu kamili, kwa sababu Zanzibar salamu ya haraka ni sawa na kutosalimu. Mzee husalimiwa "Shikamoo" au "Assalaam alaykum", huulizwa habari za asubuhi na za nyumbani, na ndipo unaposema: "Mzee wangu, naomba ruhusa yako nikupige picha hapo ulipokaa, mwanga umekaa vizuri." Akiuliza ni ya nini, mweleze ukweli: kama itawekwa mtandaoni, sema hivyo. Akikataa, mshukuru na uketi kidogo kabla ya kuondoka. Kuondoka palepale humwonyesha kwamba salamu yote ilikuwa ni chambo.

Barazani wanakocheza bao na dhumna, ruhusa ya mmoja haitoshi. Omba kwa mkubwa wao, kwa sauti ambayo wote wanaisikia. Baada ya hapo usipige mara moja. Subiri warudie mchezo wao, nawe utapata nyuso zisizojipanga.

Wanawake wengi hawapendi kupigwa picha na mtu wasiyemjua, na kamera ya mwanamume huwakera zaidi. Mpiga picha mwanamke hukaribishwa kwa urahisi, hata jikoni, lakini naye aulize kama picha inaweza kutoka nje ya nyumba hiyo. Buibui linalopita mbali kichochoroni, bila uso kuonekana, bado ni mtu. Kama amegeuka na kuona unamlenga, jibu analokupa kwa macho lichukuliwe kuwa ni jibu.

14. Watoto, na vijana wa makachu: niwalipe?

Watoto wa madrasa wakipita alasiri na kanzu na kofia zao ni kishawishi kikubwa, lakini ruhusa yao hutolewa na mzazi au ustadhi, si wao wenyewe. Kuwapa pipi au fedha kwa ajili ya picha huwafundisha kufuata wageni badala ya kwenda chuoni, na wazee wa mitaa wamelilalamikia jambo hilo sana.

Vijana wa makachu ni jambo tofauti: wakubwa miongoni mwao wanajua thamani ya mrusho wao mbele ya kamera, na wengine huomba malipo. Kubalianeni kabla hawajaruka, mbele ya wenzao, na utoe kile ulichoahidi. Hilo ni malipo ya kazi. Kwa mzee wa barazani, fedha mkononi inaweza kumvunjia heshima. Agiza kahawa na kashata kwa wote, au mtumie picha yake kwa WhatsApp kupitia mwanawe. Ukiahidi kutuma, tuma.

15. Je, naweza kupiga picha misikiti na watu wakiswali?

Misikiti ya mji huu mara nyingi inafanana na nyumba za kawaida kwa nje, kwa hiyo unaweza kuwa umeegemea ukuta wa msikiti bila kujua. Msikiti wa Malindi, wenye mnara wa umbo la pia, unapigika vizuri ukiwa barabarani. Ndani huingiwi na kamera bila idhini ya imamu au wasimamizi, na watu wanaoswali au kutawadha hawapigwi picha. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa muda na waumini hujaa hadi nje. Chagua njia nyingine.

Jioni, adhana ya Magharibi huja papo hapo jua linapozama, na baraza zilizojaa wazee huwa tupu kwa dakika chache. Picha za barazani zipigwe mapema. Muda wa Magharibi mpe bahari.

16. Nivae nini?

Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake, hata kama jua ni kali. Nguo ya kuogelea ni ya ufukweni. Huu ni ushauri wa kipicha pia, maana aliyevaa kwa staha huachwa asimame kichochoroni kwa muda mrefu.

## Vifaa

17. Je, simu inatosha? Na kama nina kamera, lenzi gani?

Simu inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii, na barazani ina faida ya kutotisha. Huzidiwa usiku na pale penye tofauti kali ya jua na kivuli. Mwenye kamera abebe lenzi mbili tu: moja ya mm 24 au 28 kwa vichochoro, na moja ya mm 50 au 85 kwa sura na nakshi. Lenzi ndefu ya kuvuta ina kazi juu ya paa, ukizisogeza karibu pamoja minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, mapaa ya mabati na majahazi. Mtaani humfanya mpiga picha aonekane mpelelezi.

18. Joto, chumvi na unyevunyevu vitaiharibu kamera?

Visiposhughulikiwa, ndiyo. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, lenzi hupata ukungu papo hapo; funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki na uiache ipate joto la nje kwa nusu saa kabla ya kuifungua. Baada ya kupiga picha ufuoni, ifute kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo na chumvi, kilichokamuliwa vizuri, kisha kwa kikavu. Wakati wa masika weka vipakiti vya kukausha unyevu ndani ya mkoba. Soketi ni za pini tatu kama za Dar es Salaam na Mombasa. Umeme hukatika mara kwa mara, kwa hiyo chaji kila unapoupata, na unakili picha kwenye kifaa cha pili kila usiku.

## Hali zisizo za kawaida

19. Safari yangu imeangukia Ramadhani. Niahirishe?

Usiahirishe, badilisha saa. Mchana mji huwa mzito, migahawa mingi hufungwa, na kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani ni utovu wa adabu, kwa hiyo usitoe chupa ya maji kichochoroni. Kuanzia alasiri wauza vyakula vya futari hujaa Darajani, na baada ya Tarawehe mitaa huwa hai hadi usiku wa manane. Ukialikwa kufuturu, nenda bila kutangaza kamera. Sikukuu za Idd, watoto wakiwa na nguo mpya, wazazi hukubali picha kwa moyo mweupe kuliko siku nyingine yoyote.

20. Nataka kupiga picha za harusi, tangazo au video ya muziki. Naanzia wapi?

Filamu, matangazo na video hupelekwa kwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni Zanzibar, na matumizi ya majengo ya kihistoria na maeneo ya wazi yaulizwe pia kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe na kwa msimamizi wa jengo husika. Fanya hivyo kabla ya kukata tiketi, kwa kuwa kuzunguka ofisi na wasanii hotelini ni ghali. Maharusi wawili na mpiga picha mmoja huvumiliwa Forodhani na ufuoni, ila mikao ya kukumbatiana na kubusiana ifanyike ndani ya hoteli mliyokubaliana nayo. Hili si la kibali bali la majirani.

21. Naweza kurusha droni juu ya mji?

Si bila vibali. Ndege nyuki, kama wengi wanavyoziita, ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na idhini ya vyombo vya ulinzi huhitajika pia. Uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume uko kilomita chache tu kutoka mjini. Kifaa kisicho na karatasi kinaweza kuzuiliwa na maofisa wa forodha. Hata mwenye kibali akumbuke kwamba mapaa ya Mji Mkongwe ni sehemu ya nyumba, ambako wanawake huanika nguo na kukaa bila buibui wakijua hawaonekani. Kwa wengi, paa la hoteli linatosha kabisa.

22. Je, wakati wa tamasha ni mzuri?

Kwa picha za jukwaani na za wageni, ndiyo. Sauti za Busara hufanyika Februari, na Ngome Kongwe imekuwa makao yake kwa miaka mingi. Omba kitambulisho cha mpiga picha kwa waandaaji mapema. Kwa picha za mji wenyewe, fika juma moja kabla au baada, vyumba vikiwa nafuu na vichochoro vikiwa na wenyewe.

23. Mtu alikubali nimpige picha, kisha siku ya pili akaniomba niifute. Nina wajibu huo?

Ifute, mbele yake, na umwonyeshe pia folda ya nakala kama tayari umenakili. Kama picha imeshawekwa mtandaoni, iondoe siku hiyohiyo na umweleze kwa ukweli kwamba aliyeihifadhi kwenye simu yake huwezi kumfikia. Mara nyingi anayeomba hivyo ameulizwa nyumbani na mume, mama au kaka, na kubishana naye juu ya kile alichokubali jana humtia matatani zaidi. Ndiyo sababu ninashauri picha za watu zisiwekwe mtandaoni mpaka siku moja au mbili zipite, ukiwa bado uko mjini na mhusika anaweza kukupata barazani palepale ulipompigia.